Bolti Iliyoingia Vizuri

Kila siku akitoka shule, Sughra alipitia karakana ya baba yake, Mistri Latif, fundi wa mashine, akaketi mbele ya debe la bolti kuukuu. Fundi akihitaji kipuri kisichotengenezwa tena, Sughra ndiye aliyetafuta kinachofanana, kisha akakijaribu kwa tupa. Tupa ikikila kirahisi, hicho ni chuma laini, hakifai.

Siku hiyo jirani yao Ghafoor alileta gurudumu la mashine yake ya kukatia majani ya nyati wake wa kufugwa. Bolti inayoshika kisu ilikuwa imekatika, na kiwanda kilichotengeneza mashine hizo kilifungwa kabla Sughra hajazaliwa. Sughra akachakura debe, akapata moja iliyoingia tunduni sawasawa. Nje, wenzake walikuwa wakimwita akaruke kamba.

"Umeipiga tupa?" baba aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Hata tupa hakuigusa.

Kesho yake alasiri bolti ilikatika gurudumu likizunguka kwa kasi. Kisu kilichomoka, kikapasua sikio la nyati, kikajikita mlangoni, shibiri moja tu kutoka kichwani pa mke wa Ghafoor.

Ghafoor aliingia karakanani na mpini wa shoka, bila hata salamu.

"Latif! Ulitaka kunichinjia mke?"

Pigo la kwanza lilitua begani, la pili mdomoni. Baba akaangukia debe, bolti zikatapakaa, damu ikamchuruzika kidevuni.

"Nisikilize, ndugu yangu..."

"Nikusikilize nini, muuaji we!" Akampiga teke la mbavu, akainua mpini juu ya kichwa cha baba.

Sughra aliona wazi kwamba akinyamaza, baba atauawa kwa uongo wake. Akajitupa katikati.

"Ni mimi, ami! Sikuipiga tupa! Nilimdanganya baba!"

Mpini ulikuwa umeshashuka. Ulimpata kwenye mkono, akapiga yowe. Ghafoor aliutupa chini, akabaki anahema.

"Mungu wangu! Mtoto!" alisema. "Mistri, nisamehe. Hasira zilinipofusha."

"Hasira zako ungeziacha nyumbani, tukaongea," baba alijibu, akitema jino. "Mpeleke kwa daktari kwanza."

Mkono haukuvunjika. Waliporudi, baba alikuwa amefungua bolti ya kichwa cha injini ya lori bovu. Sughra aliijaribu kwa mkono mzima. Tupa iliteleza, ikaacha mkwaruzo mdogo tu. Bolti ilizidi urefu, wakaikata, wakaenda kwa Ghafoor, naye mwenyewe akaikaza kwa nati yake. Mashine ikanguruma, kisu kikatulia mahali pake.

"Mwanangu," baba alisema kwa midomo iliyovimba, "kuingia tunduni si kufaa. Ungeniambia hujapima, ningepima mwenyewe. Uliposema umepima, niliacha kuangalia. Uongo wako ndio uliokata ile bolti."

Sughra alilia.

Siku ya tatu alipata bolti nyingine ya mteja. Nje kamba ilikuwa inazunguka, wenzake wanamwita.

"Umeipiga tupa?" baba aliuliza.

"Bado, Baba."

Baba alimpa tupa.