Maili Ambayo Sikuitembea

Hapa kijijini Blaen Eithin wengi husimulia habari hii kwa kuanzia kwenye damu, na damu siyo mwanzo. Mwanzo ni jamu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka ule wa jua kali, na mimi Heulwen, mpishi mstaafu wa shule, niliamka na kilo nne za stroberi zilizokwisha kuanza kulainika. Nilitaka ziwe jikoni kabla ya saa tatu. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Sisi ni genge la reli la kujitolea: wastaafu watupu, magoti mabovu, midomo mikali. Njia yenyewe ni nyembamba, unaivuka kwa hatua moja, na treni yake ya mvuke inapandisha watalii na watoto wao mlimani. Watu huiona kama mchezo. Lakini reli zetu zinakaa ndani ya vishikizo vya chuma juu ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, na kinachozibana humo ni kabari za mwaloni. Jua likiwaka wiki mbili mfululizo, mbao hukauka, kabari hulegea na kuchomoka zenyewe. Kwa hiyo kila siku ya treni, asubuhi, njia nzima hutembewa kwa miguu, nyundo mkononi, na kila kabari iliyolegea inarudishwa.

Idwal, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kwa miaka thelathini, ndiye aliyekuwa akitembea maili mbili za chini mpaka kwenye kibanda cha katikati. Mimi nilikuwa nikitembea maili ya juu, kutoka kibandani, kupitia handaki, hadi kituo cha juu ambako injini inalala, kisha narudi. Kibandani kuna kitabu na simu. Ukimaliza, unasaini maili yako, unapiga simu juu, unasema njia salama. Bila hayo treni haitoki. Na ikishasainiwa, hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia tena.

Siku ile nilifika kibandani kwa gari saa mbili kasoro robo. Joto lilikuwa limeshaanza. Jumatano iliyotangulia nilikuta kabari mbili tu zimelegea. Nikajiambia, mbili tu, zitaenda wapi? Nikasaini. Nikapiga simu. Njia salama, nikasema, kwa sauti ileile ya siku zote, nikarudi kwa jamu yangu.

Idwal alifika kibandani saa mbili na nusu. Aliona saini yangu, na gari langu halipo. Alijua sianzi kabla ya saa mbili kasoro robo, na maili ile na kurudi ni saa nzima kwa miguu yangu. Bila shaka alizitazama kabari za kwanza akaona hazina alama mpya ya nyundo. Angeweza kupiga simu treni izuiwe, lakini angeulizwa kwa nini, na angelazimika kunitaja. Idwal hakuwa mtu wa kumwaibisha jirani. Akabeba nyundo yake, mzee wa miaka sabini na nne, akaingia kuitembea maili yangu kimyakimya, akitumaini kufika juu kabla injini haijatoka.

Treni ilitoka saa tatu kamili, kwa sababu mimi nilisema itoke. Ilimkuta kwenye mdomo wa chini wa handaki, kwenye kona, saa tatu na dakika tano. Dereva yule hajawahi kuendesha tena.

Wachunguzi walikuja. Nilikaa mbele yao nikiwa na maneno mdomoni, naapa nilikuwa nayo. Lakini kabla sijafungua kinywa, mkubwa wao akaniambia, "Mama, maili yako tumeikagua. Kila kabari imekazwa, alama za nyundo bado zinang'aa, kuanzia kibandani hadi kituo cha juu. Kazi safi. Sasa huyu mzee alifuata nini mle?"

Hadi kituo cha juu. Idwal alikufa kwenye mdomo wa chini wa handaki, na nusu ya maili ilikuwa bado mbele yake. Mimi sikugonga hata kabari moja. Nani alizigonga zile za juu? Nikameza yale maneno. Wakaandika kwamba marehemu alivunja kanuni kwa ukaidi wake mwenyewe.

Mkewe Idwal, Eluned, alikuwa akiuza tiketi kituo cha chini. Akaacha. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo watu wakimwona wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Mimi nilimpelekea supu, nilimkatia majani ya bustani, nilimpelekea na jamu. Alikuwa akinishukuru, na kila shukrani ilinichoma.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikavu vilevile. Maili mbili za chini zililegea kabari kwa makumi. Yangu, hakuna hata moja. Kila nilipoitembea, na safari hii niliitembea kweli, hatua kwa hatua, nilikuta zimekwisha kukazwa, mbao imepondwa kidogo, mbichi.

"Heulwen, unazigandisha na jamu nini?" Trefor, kiongozi wa genge, alinitania mbele ya wote. "Tupe siri, bibie, tunakufa na nyundo huku chini."

Walicheka. Nami nilicheka. Sikumwambia kwamba siku nyingine nikiwa njiani nasikia mbele yangu, nyuma ya kona, mapigo mawili na kimya, mapigo mawili na kimya. Idwal alikuwa akipiga hivyo: mawili, kisha anakanyaga kwa buti kuhakikisha.

Alhamisi moja mwezi wa sita tulifanya mkutano. Kuna ubao kituoni wenye majina ya wenzetu waliofariki, na Eluned alikuja, koti lake limefungwa hadi shingoni, kuomba jina la mumewe liandikwe. Trefor alijikohoza. "Dada, tunakupenda. Lakini aliingia kwenye njia iliyosainiwa. Tukimweka pale, tutawafundisha nini wenzetu wapya?" Wakapiga kura kwa mikono. Mimi nilikaa mstari wa pili. Niliogopa nikimtetea wataniuliza nina sababu gani.

Nilinyoosha mkono pamoja na waliokataa. Eluned aliuona.

Jumamosi ya wiki hiyo nilipanda maili yangu. Asubuhi nyeupe, jua limetoka, kondoo wamelala kivulini. Kwenye mdomo wa handaki nilisikia mapigo ndani. Mawili. Kimya. Mawili. Kimya. Handaki letu ni fupi, mwanga wa upande wa pili unauona. Hapakuwa na mtu. Niliingia.

Mapigo yalisogea mbele kadiri nilivyosogea. Nilisimama. Yakasimama.

Mbele ya buti langu kabari moja ilianza kutoka. Taratibu. Upana wa kidole. Vidole viwili. Kisha ikapigwa ikarudi ndani, na vumbi la mbao likaniangukia kwenye ngozi ya buti. Hakukuwa na nyundo. Hakukuwa na mkono.

Nikasikia pumzi. Ile inayopiga filimbi puani, ya Idwal akipanda mlima. Ilikuwa karibu na sikio langu la kushoto.

"Heulwen," ikanong'ona. "Hapa umepita?"

"Nimepita," nikasema.

Mungu anisamehe, lilinitoka lenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nalisema.

Kabari zote za handaki zikaanza kutoka. Zote. Kushoto na kulia. Nilizisikia zikikwaruza chuma mpaka mwangani. Reli ikatikisika chini ya miguu yangu. Pumzi haikuondoka. Ilisubiri.

"Sijapita," nikanong'ona. "Idwal, siku ile sikupita."

Maji yalidondoka mahali fulani. Kabari zilibaki zimetoka, na safari hii hakuna aliyezirudisha.

Nilishuka hadi kibandani nikijikwaa, nikapiga simu juu. Nikasema treni isitoke. Aliyepokea aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba njia si salama na haikuwa salama mwaka jana. Kisha nikamwita Trefor, nikamwambia aje na Eluned.

Niliwaambia wote wawili pale kibandani, nikiwa nimesimama. Stroberi, saini, simu. Nilisema na ule mkono wa Alhamisi. Trefor alikaa juu ya sanduku la kokoto.

"Kwa hiyo hakuwa mjinga," akasema Eluned.

"Hapana."

"Mwaka mzima namgombeza. Naongea na kiti chake. Namwuliza, ulifuata nini mle, mpumbavu wewe." Alifuta pua kwa kiganja. "Na wewe unaniletea jamu."



Trefor aliinuka akafungua kabati la chuma. Kitabu cha mwaka ule kilirudishwa na wachunguzi na kimekaa humo tangu wakati huo, na ufunguo anao yeye peke yake. Alitaka nifute saini yangu mbele ya mashahidi. Akafungua ukurasa. Akauleta karibu na dirisha. Akatoa kwenye faili nakala ya ukurasa huo waliyoitoa wachunguzi, akaviweka sambamba.

Kwenye nakala, chini ya saini yangu, palikuwa patupu. Kwenye kitabu palikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko uleule mnene wa Idwal unaolalia kushoto. *Maili ya juu imetembewa yote. Kabari thelathini na moja zilikuwa nje, zimerudishwa. Saa nne kasoro kumi.*

Saa nne kasoro kumi Idwal alikuwa amelala kando ya reli chini ya koti la dereva. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika, nimesimama hapo na mikono inayonuka sukari.

Eluned alipitisha kidole juu ya mwandiko wa mumewe. Wino ulimfuata kidoleni, mweusi, mbichi. Aliutazama, akakikunja kidole kile ndani ya kiganja, akatoka nje bila kunitazama tena.

Thelathini na moja, kwenye maili moja, na treni nzima ya watoto ingeipanda siku ile. Trefor aliisoma hesabu hiyo mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akanyoosha mkono, akaniomba nyundo yangu, nami nikampa, na maili ile haikuwa yangu tena.