Dimbwi la Nje

Kila usiku, vyombo vikishaoshwa, mama alifuta meza, akatandaza vitabu na kuinamisha kichwa. "Ee Mola, nipe akili ya kuelewa na uaminifu wa kuandika." Mchana aliuza dawa dukani, jioni alihudhuria chuo, akisomea shahada ya uzamili katika sera za jamii. Majirani walimwita Mama Profesa, naye alicheka tu. Elimu haina mwisho.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, aliitwa Pua kwa sababu ya kinyaa chake. Unywele mmoja kwenye sabuni ulitosha kumfanya asusie kuoga.

Juma lile mama alikuwa akichunguza kama vyoo vya pamoja vya mtaani, vya wale wasio na choo nyumbani kama wao, viliwafaa wanawake. Jumamosi angezungumza mbele ya maofisa wa halmashauri, na wao wangeamua kama vitengenezwe au viachwe kama vilivyo.

"Mwanangu, kila siku ukitoka shule pitia kule," alimwambia Pua. "Uingie ndani, ufungue bomba, uniambie kama maji yanatoka. Mimi hurudi giza limeshaingia."

Pua alifika mlangoni, harufu ikampiga kofi. Mainzi ya kijani yalimlaki kama mgeni wa harusi. Mate yakamjaa kinywani, akatimua mbio. Nje, chini ya tangi, akaona dimbwi. "Palipo na dimbwi pana maji," akajiambia. Tangu hapo alilitazama kwa mbali tu, akatema mate na kwenda zake.

"Maji yapo, mama," alisema kila mama aliporudi.

Ijumaa, fundi cherehani wa nyumba ya pili alibisha hodi, ndoo mkononi.

"Mama Profesa, nigawie maji, nataka kwenda msalani."

"Shoga, si yapo kule kule?"

Fundi akaangua kicheko. "Yapo wapi? Tangi limepasuka, yote yanamwagikia nje. Ndani hata tone! Na magoti yangu haya mabovu, nabeba ndoo kama punda. Nani kakudanganya?"

Mama akamgeukia binti yake. Pua akatazama vidole vya miguu.

"Uliingia ndani?"

"Niliona dimbwi, mama. Ndani pananuka. Ningetapika."

Mama hakufoka. Alijaza ndoo, akampa Pua. "Beba. Twende na fundi."

Sakafu iliteleza. Ukutani palikuwa na alama za vidole ambazo Pua hakutaka kujua ni za nini. Kinyesi kilikuwa kimerundikana hadi ukingoni mwa shimo, na funza walitambaa juu yake. Mama akafungua bomba. Likakoroma, kisha kimya. Pua akatapika pale pale.

"Pole, mwanangu," fundi alisema, akimpigapiga mgongoni. "Sisi tumeshazoea."

Neno lile lilimchefua Pua kuliko harufu. Mtu anazoeaje uchafu kama huu?

Usiku huo mama aliomba toba kwa kutokwenda mwenyewe, kisha akaandika upya yote aliyokuwa ameandika.

Jumamosi, ofisa mmoja alimkatiza. "Mbona kila tukipita tunaona maji?"

"Hata binti yangu aliyaona," mama akajibu. "Karibuni mkaone ndani."

Maofisa waliingia na leso puani, wakatoka mbio wakisukumana mlangoni. Kabla mwezi haujaisha, tangi jipya lilikuwa limefungwa na vyoo vimesuguliwa. Pua ndiye aliyefungua bomba kwanza. Maji yakaruka hadi kwenye sketi yake, fundi akapiga kigelegele.

"Mama, bado nasikia kinyaa," Pua alinong'ona njiani.

"Kinyaa si dhambi, hata mimi ninacho," mama akasema. "Dhambi ni kuukimbia uchafu, ukamwachia mwenzako, kisha ukasema pasafi. Usiseme umeona mpaka umeingia."