Sauti ya Lydie Kwenye Tivi ya Jirani

Hapa Liverpool tunakaa familia tatu jengo moja, Wakongo watupu, na waifai yetu ni moja. Jirani akipika unaonja. Ukiwa na intaneti naye anatumia. Hatukuona ubaya.

Kompyuta yetu ya zamani ilianza kujizima yenyewe. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mdogo wangu Lydie, aliyebaki kambini Nyarugusu. Alijirekodi akieleza kwa nini alikimbia na waliyomtendea. Mwanasheria wa viza yake ya kuja kwetu aliitaka kesho yake. Lydie alinisihi, "Dada, asikie mwanasheria. Wengine hapana."

Mume wangu Murhula akasema ataihamishia kwenye kompyuta mpya.

"Angalia usiipoteze," nikamwambia.

"Mama Ketsia, wewe unaogopa hata mashine ya kufulia!"

Kompyuta ikamuuliza nani aruhusiwe kuona. Kuandika neno la siri kulimchosha. Akachagua "watu wote", akidhani ni sisi wa nyumbani. Tena akafungua kila kitu, si sauti ile tu.

Mara mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Cécile, jirani wa chini, aliyesomea mambo ya kompyuta TAFE, chuo cha ufundi cha huku.

"Shemeji, zima! Vitu vyenu vimetokea kwenye tivi yangu. Watoto wamebonyeza, mwanamke akaanza kuongea."

Nikamshika mkono. "Wamesikia nini?"

"Amesema jina lake tu, nikazima. Pole, mama."

"Lakini mimi niko kwangu!" Murhula akalalamika.

"Kwa kompyuta, wote wenye waifai moja ni nyumba moja."

Cécile akafuta ile ruhusa ya watu wote. Akaleta kebo ya mtandao, waya ule unaochomekwa kwenye kisanduku cha waifai. Akazima waifai kwenye kompyuta zote mbili. Kisha akachomeka ncha moja ya kebo kwenye kompyuta ya zamani, nyingine kwenye mpya.

"Sasa zinaongea zenyewe tu. Tengeneza folda moja, weka sauti humo. Ruhusu folda hiyo peke yake, kwa mtu mmoja mwenye neno la siri."

"Neno la siri tena!"

"Andika, baba," nikasema.

Akaandika. Sauti ikahamia. Nilivaa vipokea sauti nikaisikiliza mpaka mwisho kuhakikisha imefika nzima, ndipo Cécile akaondoa ruhusa na kuchomoa kebo.

Akina mama wenzangu, msiogope kompyuta. Ila kabla mtu hajabonyeza "ruhusu", muulizeni: ni nani wengine wanatumia waifai hii?

Kesho yake mwanasheria alifunga mlango, tukasikiliza yeye, mkalimani na mimi. Akasema ombi sasa limekamilika, atalipeleka. Nikampigia Lydie.

"Nani wamesikia, dada?"

"Mwanasheria, mkalimani na mimi." Nikavuta pumzi. "Na watoto wa jirani walisikia jina lako tu. Wananiuliza utafika lini."

Akacheka. "Waambie naanza kupanga nguo."