Magoti Yangu, Nyumba Yetu

"Unataka kunifuta kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

Nusura kikombe kimponyoke muuguzi. Mkewe, fundi wa vigae, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, vumbi la kazi mpaka kwenye nyusi, simu mkononi.

"Nani kakwambia?"

"Ofisa mikopo wa benki! Kanipigia kuuliza kama nimeridhia jina langu litolewe kwenye mkopo. Nimebaki mdomo wazi kama mjinga!"

Riba ya mkopo wao wa nyumba ilikuwa imefungwa isibadilike hadi mwakani, na kila wakifungua redio, riba zimepanda tena. Fundi alitaka wavunje mkataba mapema, walipe faini yake, wafunge riba ya sasa kwa miaka mitano kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Mumewe wimbo wake ulikuwa mmoja, tusubiri kidogo. Kumbe mwenzake anazunguka nyuma ya mgongo wake! Damu ilimchemka.

"Ni nani huyo?"

"Nani tena?"

"Huyo unayemwandalia nyumba! Vigae vyote humu nimepanga mimi, kimoja kimoja, halafu yeye aje avipige deki?"

"Hakuna mtu, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Basi sema!"

Muuguzi aliweka kikombe mezani.

"Asubuhi unashuka ngazi kinyumenyume. Unadhani sioni? Tukifunga riba ya sasa, marejesho yanapanda, na wewe utapiga magoti kwenye sakafu za watu miaka mitano mingine. Nilitaka mkopo ubaki wangu, nibebe zamu za ziada, wewe upumzike. Hata dada yangu aliniunga mkono."

Fundi alimpenda mwanaume huyu, na kwa sababu hiyo hasa hasira ikampanda upya.

"Kwa hiyo wewe, wifi yangu na benki mmekaa kikao cha magoti yangu, mwenyewe sikualikwa?"

"Nilikosea."

"Umekosea sana! Ungeniuliza, ningekwambia yananiuma. Nimekuficha kwa kuwa niliogopa utaniachisha kazi. Na ndicho ulichofanya!"

Muuguzi akashuka taratibu, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Fundi."

"Inuka huko. Na riba je? Nayo inatusubiri tumalize kulia?"

Akachukua simu, akamwandikia ofisa, huku akisoma kwa sauti ili mumewe asikie: "Kesho asubuhi tunakuja kufunga riba. Majina mawili, langu la kwanza."

"Na magoti yako?" mumewe akauliza.

"Nitakwenda kutibiwa, wewe si muuguzi? Nami nitasimama, nipime, nikate. Kupanga chini utapanga wewe, kila Jumamosi usiyokuwa na zamu."

"Mimi? Sijui hata kushika mwiko!"

"Utajua," fundi akasema, akamrushia pedi zake za magotini. "Vaa tuone kama zinakutosha."