Bibi Ambaye Hajazaliwa

Ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika. Msichana mwenye gauni la njano alimshika bibi yake mkono akimtafutia pa kukaa, ndipo kijana aliyepakata kompyuta alipowapisha kiti.

"Asante, kaka. Ila kola yako imepinda."

"Wapi?"

Msichana aliinyoosha kabla haya hazijamshika. Alikuwa fundi cherehani. Kola iliyopinda ilimkosesha raha. Kijana, mtakwimu wa kliniki, alishinda akijipapasa shingo na kutabasamu peke yake.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi na vifungo viwili."

"Na bibi?"

"Anaulizia upasuaji wake. Sasa haoni hata kijiko."

"Wazee ndio watakaotangulia, na programu yangu ndiyo inayowapanga. Ondoa wasiwasi."

Majina ya watakaopasuliwa yalipotangazwa, la bibi halikuwemo.

"Ungesema tu huwezi," msichana alimwambia kijana kwenye simu, "kuliko kumpa bibi yangu matumaini ya bure." Akakata simu. Hakupokea tena.

Kijana alizifungua data zake upya. Bibi alizaliwa mwaka 1941, lakini mapokezi waliandika 41 tu, na programu ikaisoma 2041. Umri ukatoka chini ya sifuri, ikamwondoa bibi pamoja na wazee wa rika lake. Naye kijana, kwa haraka zake, hakuwa amekagua. Aliirekebisha miaka yote, akampelekea daktari orodha mpya, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha msichana cha ushonaji.

"Kosa ni langu," alisema akiwa mlangoni. "Kwenye kompyuta, bibi alikuwa bado hajazaliwa."

Cherehani ikanyamaza. Kwenye kona, bibi akaangua kicheko.

"Sijazaliwa! Na huyu mjukuu nimemwokota wapi?"

Msichana aliuma mdomo asicheke. "Nitakusamehe akishaona," alisema, akaendelea kushona.

Siku bandeji ya upasuaji ilipotolewa, bibi alipepesa macho, akamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe ndiye huyu? Mbona kola imepinda, baba? Huna wa kukunyooshea?"

"Nilikuwa naye, bibi. Namwomba arudi, awe mke wangu."

Msichana aliinamisha uso. Kisha mkono wake ukapanda polepole, ukainyoosha ile kola, na safari hii haukuondoka.