Dobi wa Serikali

Kila asubuhi, kabla maji hayajachemka, Mama Povu alikuwa ameshashika sindano. Kila nguo iliyoingia kwenye chumba chake cha kufulia aliishonea uzi kidogo ndani ya pindo, mahali pasipoonekana. Uzi mwekundu ulikuwa wa hoteli ya pale kona. Uzi wa kijani ulikuwa wa shule ya bweni. Hakuna shuka iliyowahi kupotea mikononi mwake, na watu walimwamini kwa hilo.

Mumewe alisimama kwenye meza ya pasi. Wasichana wawili aliowaajiri, ndugu wa tumbo moja, walisuuza na kuanika. Mikono yao ilikuwa na mikunjo ya maji tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Ilikuwa kazi ngumu, lakini watu walikula.

Siku moja meneja wa hoteli aliingia akiwa na haraka.

"Mama, naomba utoe nyuzi zako kwenye shuka zetu."

"Nizitoe? Zimekukosea nini?"

"Tunahamia kwa Shirika. Bei yao ni ya chini mno, Mama. Huwezi kuifikia."

Kila mtu mtaani alilijua Shirika hilo. Serikali ilikuwa imelijenga nyuma ya hospitali kuu ili lifue shuka za wagonjwa. Lilikuwa jambo jema, na hakuna aliyelipinga. Lakini sasa ukutani palikuwa na bango jipya: TUNAFUA SUTI, MAPAZIA NA MAGAUNI YA HARUSI. KARIBUNI WOTE.

Mama Povu alifumua nyuzi nyekundu moja moja, huku akisonya. Kisha akafanya kosa. Alishusha bei ili awapate wateja wengine. Nguo zikajaa hadi mlangoni, mgongo ukamuuma, na sabuni ikanunuliwa kwa shida. Alikuwa akifua bure. Mwisho akamwita yule msichana mdogo, akamwambia akae nyumbani kwanza. Msichana alikunja aproni yake, akaiweka juu ya pipa, akaondoka. Usiku ule Mama Povu hakula.

Kesho yake alikwenda kwa Shirika mwenyewe. Mkuu wa Shirika alimpokea kwenye ofisi yenye viti vipya vya ngozi.

"Nifundishe, mzee," Mama Povu alisema. "Mnanunua sabuni ninayonunua mimi. Mashine zenu zinakula umeme. Mnawezaje bei hii?"

Mkuu alicheka. "Sisi ni wa serikali, Mama. Hatulipi kodi ya mapato. Serikali itajitozaje yenyewe? Ni kutoa mfuko wa kulia na kutia wa kushoto."

Mama Povu alirudi nyumbani moto ukiwa umempanda kichwani.

"Kumbe!" alimwambia mumewe. "Mimi nakamuliwa kila mwaka, wao wanakaa kwenye ngozi! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Basi na mimi silipi tena. Waje wanifunge!"

"Mwenye nguvu mpishe, mke wangu," mumewe alisema kwa sauti ndogo.

"Nimpishe niende wapi? Nikaanike nguo mbinguni?"

Jioni ile alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Alifanya kazi ofisi ya kodi, akielimisha walipa kodi. Mama Povu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, kama umekuja kunikamua, ndoo imekauka."

"Nimekuja kula, wewe mchoyo. Nipishe," wifi alijibu, akaingia na kuvuta kigoda. "Kaka ameniambia unataka kuacha kulipa kodi. Hasira hasara, wifi. Ukiacha, watakufungia wewe, si wao. Na ukiwa na kosa lako, utasemaje la mwenzako?"

"Sasa niambie. Kwa nini wao hawalipi?"

"Kodi ya mapato hukatwa kwenye faida," wifi alieleza. "Toa sabuni, umeme, pango na mishahara. Kinachobaki ni faida. Wewe unakatwa hapo. Shirika lilisamehewa na sheria ya zamani, kwa sababu lilikuwa linafua shuka za wagonjwa tu. Halikuwa linatafuta faida kwa mtu."

"Na suti? Nazo ni wagonjwa?"

Wifi alicheka. "Hapo ndipo penye kidonda. Msamaha ulikuwa wa shuka, nao wameuvalisha suti. Faida yote inabaki kwao. Wanaweza kushusha bei na kukusubiri ufunge."

"Lakini mkuu anasema ni mfuko wa kulia na wa kushoto."

"Wewe unaonaje?"

Mama Povu alifikiri, kisha akamgeukia mumewe. "Huyu na mimi ni nyumba moja. Pesa ya pasi ikiingia kwenye kapu la nyumba, tunakaa, tunabishana, tunaamua: ada au bati. Akibaki nayo mfukoni mwake akasema 'si ni ya nyumba moja,' mimi nitajuaje kama hajanunua viti vya ngozi?"

"Mimi tena!" mumewe alilalamika.

"Umesema kweli tupu," wifi alisema. "Kodi ikiingia hazina, huamuliwa bungeni, hadharani. Faida ikibaki kwa Shirika, wanaamua wachache, mlango umefungwa."

"Na wagonjwa? Wakitozwa kodi, si hospitali itapandishiwa bei?" mumewe aliuliza.

"Pasipo na faida hapana kodi ya mapato, kaka. Na serikali ikitaka kuwasaidia wagonjwa, itenge fedha waziwazi, sote tuzione. Wiki ijayo kamati ya bunge inakusanya maoni kuhusu sheria hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama Povu alilipa kodi yake, huku akinung'unika. Kisha akapita kwa madobi wengine, mlango kwa mlango. Siku ya kamati walijaa ukumbini. Mkuu wa Shirika alisimama, akasema faida yote imetumika kupanua huduma.

"Huduma gani?" Mama Povu alisimama. "Nimemfukuza mtoto wa watu kazini kwa ajili ya huduma yenu! Mgonjwa amepata nini?"

Kisha muuguzi mmoja akanyanyuka nyuma.

"Nitajibu mimi," alisema. "Wodini kwangu shuka hukaa kwao siku nyingi. Wananiambia nisubiri, suti za wateja zinatangulia. Juzi mama aliyejifungua alilala juu ya plastiki tupu. Ndiyo huduma hiyo."

Watu walipiga kelele. Mkuu akainama, akatafuta karatasi zake.

Sheria haikubadilika siku ile wala mwezi ule. Lakini mwishowe ilibadilika. Kazi ya shuka za hospitali ilibaki na msamaha. Kazi ya wateja wa nje ikatengewa hesabu zake, na faida yake ikatozwa kodi kama ya dobi yeyote. Bei ya Shirika ikapanda. Shuka za wodini zikaanza kurudi mapema. Mama Povu naye akarudisha bei yake ya haki, na yule msichana akafunga tena aproni yake.

Msimu wa kodi ulipofika, Mama Povu alikwenda kulipa. Foleni ilitoka nje ya mlango. Alikuwa amesimama juani muda mrefu mtu mmoja alipompita pembeni, amebeba mkoba. Alikuwa mkuu wa Shirika.

"Samahani, naomba kupita," alisema. "Mimi ni wa serikali."

Mama Povu alinyoosha mkono wake wenye mikunjo ya maji, akaonyesha mwisho wa foleni.

"Na sisi wote hapa ni wa nani? Rudi nyuma, baba. Utafikiwa."