Kadi Iliyogoma Kugeuka Bluu

Mwahija alikuwa akipanga nyanya mafungu katika soko la Kilwa Masoko, dera lake la zambarau limekazwa kiunoni kwa kanga, alipomwona kijana mtanashati akizishika kwa glovu.

"Kaka, nyanya zangu zina upele?"

Issa akacheka. Alikuwa mtaalamu wa maabara kutoka Lindi, akikusanya sampuli za mboga ili zipimwe mabaki ya dawa za wadudu. Akanunua kilo mbili, akaandika tarehe kwenye mfuko, kisha akaomba namba ya simu.

"Ya mkulima au yangu?"

"Yako, bibie. Mkulima nitamsalimia baadaye."

Mkulima alikuwa Sadick wa Tingi, kaka yake Mwahija.

Wiki tatu simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nyanya na dagaa. Kama jana."

Kila akisikia hivyo, Issa alikosa raha. Sampuli zilikuwa Dar, zikisubiri foleni ya mashine kubwa, na kila alipouliza aliambiwa wiki ijayo. Uvumilivu ukamwishia. Akachukua nyanya moja aliyobakiza kwenye friji, akaijaribu kwa kadi ya kipimo cha haraka. Kama nyanya ni salama, kadi ilipaswa kugeuka bluu. Ikabaki nyeupe pe.

Akapiga simu papo hapo. "Mwahija, usizile! Zina sumu!"

Mwahija alikuwa ameweka spika, mikono imejaa nyanya. Fauzia, muuza bamia wa meza ya jirani, akasikia. Kufika adhuhuri soko zima likawa na habari. Matenga sita yakaoza.

"Mchumba wako kaniita muuaji," Sadick alimwambia dada yake.

Mwahija akaacha kupokea simu za Issa.

Siku kumi na mbili baadaye majibu ya Dar yakafika: mabaki yapo, lakini chini sana ya kiwango kinachoruhusiwa. Maji ya nyanya yenyewe ndiyo yaliyoivuruga kadi. Issa alifundishwa hilo chuoni. Alijilaumu. Akapiga mara tisa, kimya. Akapanda basi.

"Leo umekuja kupima nini?" Mwahija aliuliza bila kuinua uso.

"Nimekuja kusema nilikosea. Kadi peke yake haitoshi, nami nilijua. Nilikuogopea."

"Ungesema 'huenda', Issa. Neno moja tu! Ulishindwa?"

"Nilishindwa. Nisamehe."

"Usiniombe mimi hapa chini chini. Waambie hao."

Issa akasimama katikati ya meza za soko, jasho likimtiririka, akasoma majibu kwa sauti. Fauzia akadai hakusikia. Akasoma tena. Mama mmoja akasogea, akachagua fungu moja.

Mwahija akashusha pumzi. "Kwa kaka utakwenda peke yako. Atakufokea. Mwache amalize, ndipo umtajie posa."

Issa alimkodolea macho. "Na akinifukuza?"

"Utarudi kesho yake. Tingi si mbali."